Bustani Moja Haijilindi

Mahindi yakishavunwa na nyasi zikishakauka, kati ya mwezi wa nane na wa kumi, sehemu kubwa ya Tanzania bara hubaki na kijani mahali pachache tu: mabondeni, kando ya mito, na kwenye bustani zinazomwagiliwa. Huko kuna mchicha, nyanya, matango, karoti na miche ya kabichi, na muhimu zaidi, kuna maji. Kipindi hichohicho ndicho panya shamba huwa wengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mkulima anayelima mboga za kiangazi kwa kutazamia bei nzuri sokoni anajikuta amewaandalia chakula panya wa mashamba yote yanayomzunguka. Asubuhi anakuta mbegu zimefukuliwa shimo hadi shimo, nyanya zimetobolewa upande mmoja, na mpira wa umwagiliaji wa matone umetafunwa.

Jibu la haraka ni dawa ya panya. Inauzwa maduka ya pembejeo, vibandani, na kwa wachuuzi wanaopita mitaani na kipaza sauti wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni kwa pumzi moja. Ni rahisi, na mizoga inayoonekana asubuhi inampa mkulima uhakika kwamba kazi imefanyika. Nasema kazi haijafanyika. Sumu ina madhara, na nitayaeleza, lakini hata tukiyaweka kando, kwenye bustani ya mboga inashindwa lile lililoifanya inunuliwe. Panya wanarudi. Na wanarudi kwa sababu zinazojulikana vizuri, zilizochunguzwa hapahapa kwetu.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) cha Morogoro kimewachunguza panya kwa miongo kadhaa, kikishirikiana na wanasayansi kutoka nje, akiwemo Herwig Leirs wa Ubelgiji. Aliyechunguzwa zaidi ni panya shamba, kitaalamu Mastomys natalensis, ambaye anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Jike hubeba mimba kwa siku 23 hivi na huzaa watoto wapatao 10 au 11 kwa mkupuo, wakati mwingine hata zaidi ya 20. Kinachoongoza uzazi wake ni mvua. Masika yakinyesha na nyasi changa kuchipua, uzazi huanza; kufikia mwisho wa kiangazi idadi inakuwa juu kabisa, kisha hushuka wakati chakula kinapoadimika, na huwa chini karibu na masika yanayofuata. Vuli zikinyesha kupita kawaida, panya huanza kuzaa mapema, na mwaka unaofuata huwa wa mlipuko. Kwenye mahindi, makadirio ambayo watafiti wameyatumia kwa muda mrefu ni kwamba panya nchini Tanzania hula hadi asilimia 15 ya mavuno kwa mwaka.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke bustanini. Robo eka imezungukwa na mashamba yaliyovunwa, vichaka na makorongo. Mkulima anaweka chambo cha sumu, anaua panya 30. Nafasi yao haikai wazi. Panya wa jirani, waliokuwa wakigombania mabaki ya mahindi, wanahamia penye chakula na mashimo yaliyo tayari. Waliobaki hai wanapata chakula zaidi na watoto wao wanakua wengi. Baada ya wiki chache mkulima ananunua pakiti nyingine. Anachokifanya ni kuondoa panya wa wiki hii tu. Kile kilichowaita, yaani chakula, maji na maficho, kimebaki palepale.

Na pakiti yenyewe ina nini? Aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi. Ya kwanza ni zinki fosfidi, unga wa kijivu cheusi. Ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na panya hufa kwa saa chache. Mtoto aliyeula naye hupatwa na gesi hiyohiyo, na hakuna dawa ya kuitangua. Daktari hubaki kupambana na dalili tu. Panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa hujifunza, na hagusi tena chambo hicho. Aina ya pili ni sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni na brodifakumu, ambazo mara nyingi ni punje au vitonge vya rangi. Hizi huua polepole, siku tatu, tano au zaidi, na katika siku hizo panya anazunguka akiwa mlegevu, mchana kweupe, sumu ikiwa ndani ya ini lake. Huyo ndiye anayekamatwa kirahisi na paka, na bundi, na nguchiro. Brodifakumu hukaa kwenye ini kwa miezi. Bundi anayekula panya kadhaa wa namna hiyo anakufa au anadhoofika, na bundi hajazi pengo kwa kasi ya panya. Hapa ndipo sumu inapogeuka kumtumikia panya: msimu mmoja unatosha panya kurudi, lakini waliokuwa wakimla hawarudi kwa msimu mmoja.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa. Milima yao ya Usambara ni kati ya maeneo yanayolisha masoko ya Dar es Salaam kabichi, karoti, hoho na njegere. Ni milima hiyohiyo iliyosumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliougua walikuwa wamezidi 7,000. Tauni hupita kwenye viroboto. Panya akifa, mwili ukapoa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine, na iliyo karibu inaweza kuwa ya mtu. Ndiyo maana penye historia ya tauni, kuua panya wengi kwa mkupuo bila kushughulikia viroboto ni hatari kuliko kuwaacha. Kule kusini, Mtwara, Lindi na Ruvuma, hoja ni ya aina nyingine: panya wa shambani na ndezi ni kitoweo. Anayetega anapata nyama, na shamba lake linapona. Anayetega sumu ameharibu vyote viwili.

Kabla ya kuzungumzia ulinzi, lazima ujue unajilinda dhidi ya nani. Nimeona watu wakimtegea fuko mtego wa panya juu ya ardhi, na wakimwekea panya wavu unaomfaa sungura.

Fuko haonekani. Utajua yupo kwa vifusi vya udongo laini vilivyosukumwa juu bila tundu wazi, na kwa mmea unaonyauka ghafla. Ukiuvuta unatoka bila mizizi. Karoti, viazi vitamu, mihogo na vitunguu ndivyo vyake. Fuko wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania huishi peke yake katika mtandao wake wa mahandaki, kwa hiyo vifusi kumi mfululizo vinaweza kuwa vya mnyama mmoja. Panya shamba huacha matundu madogo na njia nyembamba zilizosafishwa kati ya majani, na hufukua mbegu zilizopandwa moja kwa moja, hasa katika siku za mwanzo kabla na mara baada ya kuota. Panya wa nyumbani ni mpandaji: anatoka darini au kwenye banda la kuku usiku, anakula nyanya na matango, anarudi. Kindi na kuchakulo huja mchana. Nungunungu, ambaye naye ni wa ukoo wa wanyama watafunaji, huvunja maboga na kuchimba viazi kwa usiku mmoja kiasi ambacho panya kumi hawakifikii.

Na kuna panya buku, mwenye uzito unaoweza kupita kilo moja, anayejaza mashavu mbegu na kuzipeleka shimoni. Huyu ndiye ambaye shirika la APOPO, lenye makao yake Morogoro, linamfundisha kunusa mabomu ya ardhini; Magawa, mmoja wao, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Pua inayogundua baruti chini ya udongo haipati taabu kugundua mbegu ya tikiti. Mkulima anayetarajia kumficha buku mbegu kwa kuzipaka majivu au kuzifukia zaidi kidogo anapoteza muda.

Hapo ndipo linapoanza jibu langu. Mbegu ni chakula chepesi kuliko vyote bustanini, basi usiiweke ardhini mahali panya anapofika. Nyanya, kabichi, hoho, bilinganya, sukuma wiki, hata matango na matikiti, vyote vinaweza kuanzia kitaluni kisha vikahamishwa vikiwa na majani kadhaa. Kitalu cha mita moja kwa mbili kinalindika. Bustani ya robo eka hailindiki kwa gharama ya mkulima wa kawaida. Kiinue juu ya kichanja chenye miguu ya nguzo, kila mguu uvalishwe koni au mkanda wa bati laini usiopungua sentimita 30, kama wazee walivyofanya kwenye maghala ya nafaka. Panya hapandi bati laini. Hakikisha hakuna tawi wala ukuta karibu wa kurukia.

Fedha ya waya itumike hapo kwanza. Waya wa kuku, ambao wengi hununua kwa kuwa ni rahisi, haufai: matundu yake ni makubwa, na panya mdogo anapita bila kujikuna. Unaotakiwa ni wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6. Ni ghali, na kwa hiyo usizungushie bustani nzima. Funika kitalu, na utandike chini ya tuta moja la karoti au viazi ambalo fuko amelizoea. Kama una mabati chakavu, uzio wa bati laini lenye urefu wa sentimita 60 juu ya ardhi na 30 chini, likiwa limezikwa vizuri, humzuia panya shamba vizuri sana. Anayelima nyumbani mjini ana bahati zaidi: viroba, ndoo na matairi vimeinuka tayari, na kiroba kilichokaa juu ya meza ya chuma ni salama dhidi ya fuko moja kwa moja.

Baada ya mbegu, maficho. Panya ni mwoga wa mahali pa wazi, kwa sababu juu kuna mwewe na bundi, na chini kuna paka na nyoka. Ukifyeka ukanda wa mita mbili au tatu kuzunguka bustani na kuuacha mtupu kabisa, umemlazimisha kuvuka uwanja anaouogopa kila usiku. Hili ni la bei nafuu kuliko lolote katika makala haya na ndilo linalopuuzwa zaidi. Bustani nyingi ninazoziona zimepakana na rundo la mabua, tofali zilizopangwa, na lundo la mboji ambalo watu wanatupia makombo ya ugali. Hilo ni banda la panya. Mboji iwe mbali, bila mabaki ya chakula kilichopikwa. Matandazo ni suala gumu kidogo, kwa kuwa wataalamu wa kilimo wanayasifu kwa haki: yanahifadhi unyevu. Lakini matandazo mazito juu ya tuta lililopandwa mbegu ni paa juu ya chakula. Ushauri wangu ni kusubiri miche ikomae shina, kisha kutandaza kwa wepesi. Kulima kwa kina nako kunasaidia: uchunguzi wa SUA ulionyesha kwamba mashamba yaliyolimwa kwa trekta yalikuwa na panya wachache, kwa muda, kuliko yaliyofyekwa na kuchomwa. Jembe linalovunja mashimo linafanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kidogo.

Mitego ndiyo sehemu watu wanayoipenda, na ndiyo inayofanywa vibaya. Mtego wa kubana uwekwe kando ya ukuta au njia ya panya, kichwa chenye chambo kikielekea ukutani, kwa sababu panya hutembea akigusa kitu ubavuni. Chambo cha karanga zilizosagwa zilizochanganywa na pumba au dagaa kinatosha. Panya wa nyumbani hushuku kitu kipya; mwache ale kwenye mtego usiotegwa kwa siku mbili tatu, kisha utege. Mtego wa ndoo ni mzuri zaidi kwa panya shamba: ndoo hufukiwa hadi ukingoni, nusu maji, juu kukapita waya wenye chupa au kopo linalozunguka lililopakwa karanga. Ndoo moja hukamata wengi usiku mmoja bila kutegwa upya. Lakini ndoo yenye maji ni hatari kwa mtoto mdogo na kwa kifaranga, kwa hiyo ifunikwe mchana.

Fuko ana udhaifu mmoja ambao watega fuko wa nyanda za juu wanaujua tangu zamani: hawezi kuvumilia handaki lililo wazi. Fungua handaki, hewa na mwanga vikiingia atakuja kuliziba. Mtego wa kienyeji, yaani kijiti kilichopindwa chenye kitanzi cha waya ndani ya handaki, huachiliwa pale anaposukuma udongo. Ni ufundi halisi, na kijana anayeuweza hulipwa kwa kila fuko. Kumlipa ni busara kuliko kutumbukiza handakini vidonge vya kutoa gesi ya fosfini vilivyotengenezwa kwa ajili ya ghala. Gesi hiyo haibagui, na handaki linaweza kuishia chini ya chumba cha kulala. Kwa mzoga wowote, wa panya au wa fuko, tumia glavu au mfuko wa plastiki, na uufukie.

Kuhusu harufu: pilipili, kitunguu saumu, mnanaa, mkojo wa paka, vyombo vya kutoa mlio usiosikika na binadamu. Vinauzwa kwa maneno mazuri. Mvua na umwagiliaji huosha harufu, na panya mwenye njaa huzoea mlio kwa siku chache. Utupa unastahili neno la peke yake, kwa kuwa wakulima wengi Afrika Mashariki huupanda kwa imani kwamba unamfukuza fuko. Ni mmea mzuri wa kurutubisha udongo, upande kwa ajili hiyo. Lakini ukumbuke kwamba utupa ndio uliotumika kulewesha samaki mitoni. Kusaga majani yake na kuyamwaga kando ya mfereji ni sumu ileile tunayoikimbia.

Wawindaji wa asili nao wasemewe ukweli. Morogoro watafiti waliwazuia ndege wawindaji kwa nyavu kwenye baadhi ya mashamba ya mahindi, na kwingine wakawavutia kwa vituo vya kutulia na masanduku ya viota. Idadi ya panya shamba haikutofautiana sana. Kwa hiyo bundi peke yake haokoi bustani. Thamani yake iko kwingine: anamtia panya hofu ya kutoka nje, na ukiwa umefyeka ukanda ule wa wazi, hofu hiyo ina nguvu. Utafiti wa Eswatini uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha jambo linalofanana: kwenye nyumba zenye paka na mbwa kwa pamoja panya walipunguza kula, lakini penye paka tu au mbwa tu tofauti haikuonekana. Basi paka afugwe, na mbwa afugwe, na bundi aachwe. Najua wapo wanaomwona bundi juu ya paa wakamwona mjumbe wa msiba au kitu kilichotumwa na mchawi, na wanamrushia mawe. Bundi mweupe amekuja juu ya paa kwa sababu ndani ya nyumba kuna panya. Kumwua ni kumsaidia mwizi wako.

Haya yote, kila moja likifanywa na mtu mmoja, yana kikomo. Panya hajui mpaka wa kiwanja. Miradi iliyofanyika Tanzania, Namibia na Eswatini katika miaka ya 2000 ilijengwa juu ya wazo hilo: wanakijiji wote hutega kila siku, kwa mitego mizuri, kwa muda mrefu, na panya hupungua kiasi ambacho mkulima mmoja hakifikii hata akitega mwaka mzima. Kule Asia, Indonesia na Vietnam, wakulima wa mpunga huzungushia kipande kidogo kilichopandwa mapema uzio wa plastiki wenye matundu yanayoingia kwenye mitego. Panya hukusanyika hapo, na kinga ilionekana kuenea hadi mita 200 kuzunguka. Kundi la wakulima wa mboga bondeni linaweza kufanya hivyo kwa tuta moja la njegere lililotangulia wiki mbili.

Na wakati wa kutega ndio wenye uzito kuliko zana. Wengi wanaanza mwezi wa tisa, panya wakiwa wamejaa. Wanapaswa kuanza masika yakiwa yananyesha, mwezi wa nne na wa tano, wakati panya shamba ni wachache na kila jike anayeondolewa ni ukoo mzima usiozaliwa. Ni kipindi ambacho hakuna anayelalamikia panya, na ndiyo sababu hakuna anayetega.

Ombi langu ni kwa serikali za vijiji na maafisa ugani wa maeneo ya mboga, kuanzia Mgeta hadi Lushoto: msisubiri mlipuko ndipo mwombe sumu wilayani. Wekeni kwenye kalenda ya kijiji wiki za kutega za mwezi wa nne na wa tano, kila kaya na mitego yake (na penye historia ya tauni, viroboto washughulikiwe kwanza), na siku moja ya kufyeka kwa pamoja mipaka ya bustani zote za bonde kabla ya kuatika miche ya kiangazi.